Nani kashika rejista? Historia fupi ya kufuta faili kwenye seva



Leo naomba nichokoze mada ambayo wengine watasema ni ya mafundi, si ya wanahistoria. Mada yenyewe ni kufuta faili. Sina maana ya mtu kubonyeza kitufe kwenye kompyuta yake sebuleni. Nazungumzia kule kufuta kunakofanywa na skripti kwenye seva, usiku wa manane, bila mtu kuwepo. Hoja yangu ni hii: tangu mwanzo, amri tunayoiita ya kufuta haikutungwa ili iangamize faili. Ilitungwa ili iondoe jina la faili kwenye rejista. Kitu chenyewe kinaweza kubaki kwa siku, kwa miaka, na mwenye mamlaka ni yule aliyeshika rejista. Na sisi watu wa Afrika Mashariki tulishafanyiwa jambo hilo hilo kwa karatasi kabla hata ya seva kuzaliwa. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Tuanze na neno lenyewe. "Kufuta" kwetu ni kazi ya dasta ubaoni. Mwalimu akifuta, chaki inakuwa vumbi, na darasa zima linaona ubao mtupu. Kompyuta zilipoanza kuzungumza Kiswahili (wengi wenu mnaikumbuka Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), tulikuwa na hamu sana ya kupata maneno, na ilikuwa haki yetu. Leo ukifungua simu au barua pepe kwa Kiswahili unaambiwa "Futa". Neno tamu, fupi, kila mtu analielewa. Ila limebeba picha ya ubao, na diski si ubao.

Hata zama za tepu hapakuwa na ubao. Mtaa wetu huu una historia yake katika mambo hayo: Univac walikuwa na majengo hapa hapa Eagan tangu miaka ya 1960, na kuvuka mito kule Chuo Kikuu cha Minnesota ipo Charles Babbage Institute, taasisi ya kumbukumbu za historia ya kompyuta, iliyohamia pale mwaka 1980. Sanduku zake zimo kwenye mapango yaliyochimbwa ukingoni mwa Mississippi, chini ya maktaba ya Andersen. Enzi za tepu, kama ulitaka kumwondoa mteja mmoja kwenye orodha ya kampuni, hukumfuta. Uliisoma tepu ya zamani kutoka mwanzo hadi mwisho, ukanakili kila kitu kwenye tepu mpya, ukamruka yule mmoja. Tepu ya zamani ikawekwa kabatini. Mafundi waliziita tepu hizo babu, baba na mwana. Mwana hamjui yule mteja, lakini babu anamjua vizuri sana na bado yuko hai.

Halafu ikaja Unix. Ken Thompson na Dennis Ritchie, Bell Labs, New Jersey. Mwongozo wake wa kwanza una tarehe ya 3 Novemba 1971, na ndani yake imo amri ya mfumo iitwayo unlink, yaani "ondoa kiungo". Hebu tuitazame kwa macho ya mtu aliyewahi kuingia kwenye masjala ya serikali. Mezani kwa karani kuna rejista: jina la jalada upande mmoja, namba upande wa pili. Majalada yenyewe yako kabatini nyuma, na yanatambulika kwa namba tu. Unix ilijengwa hivyo hivyo. Faili halina jina, lina namba. Jina liko kwenye saraka, na saraka si chochote ila ni rejista ya majina na namba. Faili moja linaweza kuandikwa kwenye rejista mbili au tatu kwa majina tofauti, na mfumo unahesabu ni majina mangapi yanalielekea. Ukiita unlink, mfumo unakata mstari mmoja kwenye rejista na kupunguza hesabu kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, na kama hakuna programu iliyolifungua faili hilo wakati ule, ndipo nafasi yake kwenye diski inatangazwa kuwa huru.

Inatangazwa kuwa huru, haifagiliwi. Maandishi yanabaki palepale mpaka siku kitu kingine kije kuandikwa juu yake. Thompson na Ritchie hawakumficha mtu jambo hili, na jina la amri linasema kweli tupu. Ni sisi tuliokuja baadaye tuliolitafsiri kwa dasta.

Na liko jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hawaliamini mpaka walione kwa macho. Ili ufute faili kwenye Unix, huhitaji ruhusa yoyote juu ya faili lenyewe. Unaweza kuwa huruhusiwi kulisoma, huruhusiwi kuandika ndani yake hata herufi moja, na bado ukalifuta, mradi una ruhusa ya kuandika kwenye saraka lilimo. (Ipo alama ya kuzuia hilo kwenye saraka za pamoja, lakini lazima mtu aiweke.) Kwa lugha ya masjala: karani asiyeruhusiwa kufungua jalada la siri anaweza kulifanya lisiwepo, kwa sababu kalamu ya rejista iko mkononi mwake.

Sasa tuje kwenye seva za tovuti. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa vifaa vyake alivyoviita Personal Home Page Tools, ambavyo vilikua vikawa PHP. Sehemu kubwa ya tovuti tulizozisoma miaka ya 2000, magazeti, blogu, majukwaa ya mijadala, ilikuwa PHP, na nyingi bado ni PHP mpaka leo. Lugha hiyo iliazima amri zake nyingi kutoka C na Unix, kwa hiyo ukitaka kufuta faili utaita unlink, jina lile lile la 1971. Kwenye orodha ya amri za mwongozo wake hamna ya "delete" inayofanya kazi. Upo ukurasa wenye jina hilo, lakini wenyewe waliwahi kukiri kwamba ni ukurasa bandia, umewekwa ili waliopotea njia waelekezwe kwingine. Mimi nilicheka nilipouona mara ya kwanza. Ukurasa bandia katika mwongozo wa kufuta! Shikeni picha hiyo, tutaihitaji.

PHP iliongeza mambo mawili ambayo Unix ya Bell Labs haikuwa nayo kwa kiwango hicho. La kwanza ni swali la nani anafuta. Skripti kwenye seva haiendeshwi na wewe uliyebonyeza. Inaendeshwa na mtumiaji wa seva yenyewe, na kwenye seva nyingi za Apache za zamani mtumiaji huyo aliitwa "nobody", yaani hakuna mtu. Ukichunguza ni nani kafuta faili, kumbukumbu ya mfumo inakujibu: hakuna mtu. Wasomaji wa mafaili ya serikali za kwetu watatabasamu hapo. La pili ni ukimya. Unlink ikishindwa hurudisha jibu la "false" pamoja na onyo, lakini ukiweka alama ya @ mbele yake onyo linanyamazishwa. Skripti za miaka ile zimejaa hiyo @unlink. Matokeo yake ni faili ambalo mwenyewe unaamini limeondoka, kumbe hata jina lake lipo, na hakuna aliyeambiwa.

Mkitaka kujua mkato mmoja wa rejista una nguvu gani, tazameni WordPress mwaka 2018. Watafiti walionyesha kwamba mwandishi wa kawaida wa tovuti, asiye na cheo, angeweza kuidanganya programu ili ipeleke kwenye unlink jina la faili lolote alitakalo, badala ya picha ndogo iliyokusudiwa. Angechagua faili la usanidi, wp-config.php. Likiondoka hilo, tovuti inajiona ni mpya, haijawahi kusimikwa, na inamkaribisha wa kwanza kubisha hodi aisimike. Yaani mtu anafuta karatasi moja, kisha anakuwa mwenye nyumba. Kasoro hiyo ilikuwa imeripotiwa kwa wahusika tangu Novemba 2017; ilizibwa Julai 2018 kwa toleo la 4.9.7.

Hapa ndipo nawaomba tusafiri hadi Nairobi, maana mfano wa masjala sikuuchagua kwa kupamba maneno.

Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba serikali mpya za makoloni yanayopata uhuru zisirithi nyaraka zitakazoiaibisha serikali ya Malkia au kuwahatarisha watoa habari wake. Zoezi hilo wanahistoria wanalijua kwa jina la Operation Legacy. Kwa Kenya, majalada yaligawanywa: yale yatakayorithiwa, na yale ya mfululizo wa siri uliotiwa alama ya W, ambao aliruhusiwa kuushika afisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Mengine yalichomwa, na maelekezo yalitaka hata majivu yavunjwevunjwe. Ruhusa ilikuwepo pia ya kuyafungasha kwenye makasha yenye uzito na kuyazamisha kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani. Mengine yalisafirishwa kwenda Uingereza kabla bendera haijashushwa tarehe 12 Desemba 1963. Na pale ambapo jalada lililotolewa lingeacha pengo la wazi, liandaliwe jalada bandia la kujaza nafasi, ili mfululizo uonekane umekamilika. Mnaukumbuka ule ukurasa wa "delete"? Tofauti ni kwamba wa PHP ulikiri kuwa ni bandia.

Yaliyochomwa yamekwenda, na hakuna fundi wa kuyarudisha. Lakini yaliyosafirishwa yalifanyiwa unlink kamili: mstari ulikatwa kwenye rejista ya Nairobi, na namba ikabaki hai kwenye kabati jingine. Kabati hilo lilikuwa Hanslope Park, Buckinghamshire. Kenya iliomba nyaraka zake zaidi ya mara moja baada ya uhuru, wala hazikurudi. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliofungua kesi London kwa mateso ya enzi za Mau Mau, Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, walilazimisha swali lile lile liulizwe mbele ya jaji. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri: masanduku kama 300 ya Kenya, majalada yapata 1,500, ndani ya hazina ya majalada kama 8,800 kutoka makoloni 37. Baadaye yalihamishiwa Kew, kwenye mfululizo wa FCO 141, ambako mtu yeyote anaweza kuomba kuyasoma. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague alitangaza bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Kwa nusu karne, kwa mtu aliyekaa mezani Nairobi, majalada hayo yalikuwa "yamefutwa". Wala hakusemewa uongo na rejista. Rejista haikuwa nayo tu.

Ipo namna nyingine, na kwa bahati nzuri naiona karibu na nyumbani. West, wachapishaji wa hukumu za mahakama za Marekani, walihamia Eagan kutoka Saint Paul mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi kampasi yao ilikuwa mwajiri mkubwa wa mji huu. Hazina yao ya Westlaw ilianza mwaka 1975. Hukumu ikitenguliwa na mahakama ya juu haiondolewi kwenye hazina hata siku moja. Tangu 1997, kwa mfumo wao wa KeyCite, inawekewa bendera nyekundu: tahadhari, walau hoja moja humu si sheria tena. Wakili anaisoma, anaiona bendera, anajua. Programu za majukwaa kama vBulletin na XenForo, zote za PHP, nazo zina namna hiyo: msimamizi "akifuta" ujumbe, kwa kawaida unabadilishiwa hali tu, wasomaji hawauoni, wasimamizi wanauona. Mimi kama mwanahistoria ningependa dunia yote iendeshwe kwa bendera nyekundu.

Lakini mimi si mwanahistoria peke yake. Hapa Twin Cities tuna chama chetu cha kuzikana, kama mlivyo navyo nyote huko mliko. Mtu akifariki, chama kinasaidia kusafirisha maiti, na kwa kazi hiyo kinahitaji nakala za pasipoti, vyeti, wakati mwingine makaratasi ya uhamiaji ya mjane na watoto. Miaka yote hii nakala hizo zimekuwa zikipandishwa kwenye seva ya kukodi. Mwaka huu mama mmoja aliuliza mkutanoni swali la wazi: "Baba, yale makaratasi ya marehemu na ya wanangu, mmeyafuta kweli?" Mweka hazina akajibu ndiyo. Kwa maana ya unlink, jibu lake ni sahihi. Kwa maana ya dasta, ambayo ndiyo maana aliyoiuliza yule mama, hakuna aliyeweza kumjibu ukumbini.

Kwa sababu tazameni. Mstari umekatwa. Nafasi ya diski huenda imeandikwa upya, huenda bado. Nakala rudufu za mwenye seva, yaani baba na babu, zipo kwa muda anaoujua yeye. Mwaka 1996 Peter Gutmann aliandika makala iliyowafanya watu waamini kwamba ukiandika juu ya faili mara 35 umemaliza kazi, na hata kwa diski za sumaku hiyo ilizidi mahitaji. Kwenye diski za kisasa zisizozunguka kuandika juu ya faili hakusaidii sana, maana diski yenyewe inaamua kuandika mahali pengine ili isichakae upande mmoja. Diski nayo ina rejista yake, na hiyo huishiki wewe.

Njia iliyobaki ya uhakika ni kulifunga faili kwa ufunguo wake peke yake tangu linapopokelewa, na siku ya kufuta ukaharibu ufunguo. Babu anaweza kubaki na nakala yake. Atakuwa ameshika kufuli. Ila ufunguo nao usiwekwe mahali panaponakiliwa kila usiku, la sivyo tumerudi tulikotoka.

Na wakati una maana yake. Wenzetu wa Tanzania wanayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 22 kinastahili kusomwa taratibu. Kinamtia hatiani anayefuta au kuficha data kwa nia ya kuzuia uchunguzi, na pia anayekataa kutii amri ya kuitoa. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa shitaka la kuzuia uchunguzi, faini ya shilingi milioni 3 au mwaka mmoja jela. Ukishaombwa, kufuta ni kosa na kukataa ni kosa. Dirisha la halali la kufuta liko kabla mtu yeyote hajabisha hodi, kwa ratiba inayojulikana na isiyomlenga mtu. PHP inalijua hilo kwa namna yake: faili lililopandishwa huwekwa mahali pa muda, na skripti ikimaliza bila kulihamisha, linaondolewa lenyewe. Kutunza ndiko kunakohitaji uamuzi.

Sasa wapo ndani ya kamati wanaosema basi tufute kila kitu, hata mihtasari ya mikutano ya miaka ya mwanzo, ilimradi seva ibaki nyeupe. Hapo nakataa kabisa. Sisi wenyewe tumeona mijadala ya miaka chungu nzima ikiondoka na Yahoo Groups, waliotangaza Oktoba 2019 na kufika 31 Januari 2020 wakawa wamefunga mlango wa kuchukua data. Waliopata habari walibeba chao. Waliokuwa wagonjwa, au wameshafariki, nani angewabebea?

Kwa hiyo nimependekeza hivi, na mkutano wa mwezi ujao utaamua. Nakala za pasipoti na makaratasi ya uhamiaji ziwe na ufunguo wake, na ufunguo uharibiwe siku 90 baada ya mazishi kukamilika. Mihtasari na hesabu zibaki. Na kwenye rejista mstari usikatwe: uandikwe aina ya waraka, tarehe ulipoharibiwa, na jina la mwanakamati aliyeamuru, mtu mwenye jina, asiwe "nobody". Maafisa wa kikoloni nao waliandikiana hati za kuteketeza nyaraka, lakini hati zile zilipelekwa London. Ya kwetu atapewa mjane.

Mweka hazina anasema siku 90 ni chache, ubalozi wakati mwingine hurudi kuuliza. Mjane anasema ni nyingi. Wenye uzoefu wa vyama vya namna hii huko Ulaya na Ghuba, naomba mnitajie mmeweka muda gani na kwa sababu zipi.

Nawasilisha.